Mchumba wangu aliomba tusifunge mlango kwa kufuli

Aliniambia akiwa na kijiti cha kuku mkononi. Tulikuwa tumesimama Namawojjolo, pale barabara ya Jinja ambapo wachuuzi hulikimbilia kila gari na vijiti vya nyama, ndizi za gonja za kuchoma na soda baridi, wakakusukumia vyote dirishani kabla hujavuta breki ya mkono. Tulikuwa tunatoka Busia kumwona mama yangu, tunarudi Kampala kwa gari la kuazima. Kwanjula, sherehe ya kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba, ilikuwa imebaki miezi minne.

Akamng'ata kuku, akatafuna taratibu, akameza.

"Nataka tuoane," akasema. "Lakini sitaki tufunge mlango kwa kufuli."

Mimi nikadhani anazungumzia nyumba. Tulikuwa tumeanza kutafuta ya kupanga. Nikamwambia Busia usipofunga kufuli utaamka huna hata godoro. Akanitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize kuvaa viatu.

"Mlango wetu," akasema. "Wangu na wako."

Nitamwita Nabwire, jina ambalo kila boma la Wasamia linalo, kwa hiyo msijisumbue kumtafuta. Ni mhasibu wa duka la jumla Kikuubo, ule uchochoro wa Kampala ambao ukisimama katikati kwa dakika moja unasukumwa na maboksi ya sabuni mpaka ufike mwisho wake bila kupenda. Mimi ni wakala wa forodha mpakani Busia. Nafanya enteri za mizigo, nafukuzia malori, nabishana na watu. Kati yetu kuna kilomita kama 200, na kwa miaka minne tulikuwa tunapendana kwa basi: wikendi moja mimi natoka, inayofuata anatoka yeye, na ya tatu hakuna anayetoka kwa sababu pesa imekwenda kwa nauli. Yeye amekulia Kampala, Kisamia chake ni cha kuombea maji tu. Kiganda changu ni cha kununulia nyanya. Kwa hiyo mapenzi yetu yote, ugomvi na kubembelezana, yamekuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Kampala bado wapo wanaoiona ya askari na majambazi, hata baada ya Katiba kuifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005.

Nataja lugha kwa sababu ilitushinda pale pale barabarani. Alichokuwa anakiomba hakina jina zuri kwetu. Upande wa Kenya wanasema mpango wa kando. Watanzania wana mchepuko. Kampala husema saidi dishi, kama vile mtu ni kachumbari. Yote ni majina ya kitu cha kufichwa, na Nabwire alikuwa anataka kitu kisichofichwa. "Uhusiano wazi" nikaujaribu mdomoni, ukasikika kama barua ya wizara. Tukabaki na mlango.

Swali langu la kwanza lilikuwa: kuna mtu?

"Unaona," akasema, akafuta vidole kwa karatasi ya chapati. "Hujauliza kwa nini. Umeuliza nani."

Hiyo kwa nini aliieleza kuanzia pale mpaka Mukono, na mimi nikiendesha nyuma ya lori la miwa ambalo halikunipa nafasi ya kupita. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha nguo Jinja. Alikuwa mtu mpole, hanywi, Jumapili yuko kanisani na suti ya kijivu. Alipokufa wakamrudisha kumzika kijijini karibu na Lumino. Jeneza liko chini ya turubai, mchungaji ameshafungua kitabu, wakashuka wanawake wawili kwenye taksi, kila mmoja na watoto wake. Mtoto mkubwa wa yule wa pili alikuwa na paji la uso la Nabwire. Ukoo ukasogezana pembeni, ukazungumza kwa robo saa, ukarudi na orodha mpya ya watoto wa marehemu ikasomwa kwa kipaza sauti. Mama yake alikaa kwenye mkeka mbele ya wote, hakulia. Ametuliza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mpaka leo, anasema Nabwire, hajalia.

"Mimi sitaki kuambiwa mambo na jeneza," akasema. "Ukiwa na mtu, niambie ukiwa hai. Na mimi nikiwa na mtu nikuambie. Tukishindwa kuishi hivyo, tujue sasa, kabla hujampelekea baba mkubwa ng'ombe."

Nani alikuwepo pia. Alinitajia bila kuulizwa mara ya pili: mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Kongo, anayekuja kununua bidhaa Kikuubo kila mwezi, anamchekesha. Hakuna kilichotokea. Lakini alikuwa ameanza kuhesabu siku za mwezi, na alitaka nijue kwamba anazihesabu.

Sasa msomaji, nikuambie ambacho mimi sikumwambia. Tororo kulikuwa na mwanamke. Ana hoteli ndogo ya chakula karibu na barabara, na kwa mwaka mzima nilikuwa nakwenda pale mara kwa mara. Hapo Mukono, kwenye foleni, nilikuwa nimepewa nafasi ambayo wanaume wa kwetu hawapewi mara mbili. Nilichotakiwa ni kusema tu "na mimi pia." Badala yake nikakunja uso, nikasema kwa sauti ya mzee wa ukoo kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Kwa wiki mbili nilizunguka na hasira ambayo sikuweza kumwonyesha mtu. Mawakala wenzangu niliwauliza kwa kuzunguka, kwamba rafiki yangu yuko hivi na hivi. Mmoja akasema huyo rafiki yako amuache mwanamke leo. Mwingine akasema akubali haraka kabla hajabadili mawazo, kwani yeye anapoteza nini? Wote wawili nawajua. Wa kwanza ana nyumba mbili, moja kila upande wa mpaka, na wake zake hawajawahi kukutana ingawa mpaka wenyewe unauvuka kwa mguu ukiwa unaongea na simu.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekasirikia. Wazo la mlango wazi sikuwa nalo tatizo, nilikuwa nimeuishi. Kilichoniuma ni kwamba na yeye alikuwa anaomba ufunguo.

Na hili si langu peke yangu. Mpaka mwaka 2007 sheria ya Uganda ilikuwa na mlango wa upande mmoja. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu kilimhesabia kosa mwanamke aliyeolewa akilala na mwanamume yeyote asiye mume wake. Mwanamume mwenye mke akilala na mwanamke ambaye hajaolewa, hakuna kosa. Kosa lake lilianza pale tu alipogusa mke wa mtu, na hapo korti ingemwamuru amlipe mwenye mke fidia ya shilingi 600, akirudia 1,200. Shilingi 600 leo hazikupi chapati mbili. Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu hicho kwa sababu kiliwabagua wanawake. Miaka mitatu kabla, 2004, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeinyoosha Sheria ya Talaka ya tangu 1904, iliyomruhusu mume kudai talaka kwa uzinzi peke yake huku mke akitakiwa athibitishe uzinzi na kitu kingine juu yake, mathalani ukatili au kutelekezwa. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo. Sikumbuki hata mtu mmoja shuleni au nyumbani aliyetaja kwamba sheria imebadilika. Wanaume niliowajua hawakubadilika.

Nabwire hakunisukuma. Alileta daftari tu.

Ni daftari la Picfare tulilokuwa tunaandikia bajeti ya kwanjula: mahema, viti, mpambaji, gomesi za shangazi, kanzu, vikapu vya zawadi, mafuta ya magari, jumla milioni 18 na bado hatujamlipa mpiga picha. Akaligeuza, akaanza kuandika kutoka nyuma. Kwa hiyo mbele kuna mahema na nyuma kuna mlango, na kurasa zinaelekeana katikati. Ya kwanza aliandika: kupima VVU, wote wawili, pamoja, na kurudia baada ya miezi mitatu. Ya pili: kondomu na mtu mwingine yeyote, hakuna mjadala. Ya tatu: si mtu wa kazini kwako wala kwangu, si ndugu, si rafiki wa nyumba. Hapo yule wa Butembo akawa amejiondoa mwenyewe, maana ni mteja wa duka, nami nikafurahi kimoyomoyo mpaka nikaona aibu. Ya nne: kusema kabla, si baada. Ya tano, pesa ya nyumba haitoki nje. Ya sita aliandika "mimba" akaacha mistari mitatu mitupu. Hatukujua tuandike nini pale, na mpaka sasa mistari hiyo iko wazi.

Nilimtania kwa lugha ya kazi yangu. Mzigo wa transiti, nikamwambia, ukitoka Mombasa kwenda Juba unapita Uganda chini ya bondi: mtu ameweka dhamana kwamba hautashushwa njiani. Lori linafungwa sili ya kielektroniki, na likichepuka barabara, kengele inalia kwenye chumba cha kufuatilia. Ukifika mwisho salama, bondi inafutwa na kila mtu anarudishiwa usingizi wake.

"Mimi si mzigo wa Juba," akasema. "Na usinifunge sili."

Akacheka, lakini aliandika ya saba: hakuna kupekua simu.

Nilimwendea wakili mmoja wa Jinja tuliyesoma naye, huyu nikamwambia ukweli wote kasoro Tororo. Akanipa soda na mhadhara. Mkioa kanisani, ni mke mmoja na mume mmoja, ukiongeza mwingine kwa ndoa ni jinai. Mkioana kimila, sheria ya 1973 inakutaka uisajili ndani ya miezi sita pale makao ya gombolola, na mila inaweza kukuruhusu wewe kuongeza wake. Waislamu wana sheria yao tangu 1906. "Zote," akasema, "zinajua mwanamume mwenye wake wengi. Hakuna iliyowahi kumfikiria mwanamke mwenye nafasi." Kuhusu daftari letu alicheka sana. Likipelekwa kortini halitatekelezwa na jaji yeyote, lakini litawafunga midomo nyote wawili: aliyeridhia uzinzi wa mwenzake hawezi baadaye kuubeba kama sababu ya talaka. Nikamwambia Nabwire. Akasema hiyo sawa, hataki kesi, anataka habari.

Mama yangu hatukumwambia. Yeye ni mtu wa ziro grezingi. Vijana wa leo huenda hawaijui kampeni ile ya miaka ya mwisho ya themanini, serikali mpya imeingia 1986 na watu wanakufa kwa kile kilichoitwa Slim, yaani UKIMWI: picha ya ng'ombe aliyefungwa kambani, ale kwenye duara lake tu, asitoke. Mama alizika kaka zake wawili. Anakumbuka siku Philly Lutaaya, mwimbaji, aliposimama hadharani 1989 akasema anao, na wengine mtaani wakasema anatafuta pesa, mpaka Desemba akafa. Kwa mama, mlango wazi hauhusiani kabisa na uhuru au ukweli, ni mlango ambao jeneza hutokea. Siwezi kumbishia. Ila niliwahi kuona kwamba duara lile la kamba liliwahusu pia wenye wake watatu: kula kwako nyumbani, hata kama nyumbani ni majumba matatu. Kamba ya mwanamume tangu mwanzo ilikuwa ndefu.

Shangazi yangu nilimwambia, kwa sababu kwetu shangazi ndiye wa mambo haya. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, kokoto moja moja akiitupia kuku.

"Mjomba wako alikuwa nao," akasema bila kuinua uso. "Nilijua wote. Yeye hakujua kwamba najua. Nyumba yangu imesimama miaka 38."

Nikasema hiyo ni busara kubwa, shangazi. Halafu sijui nini kilinituma, nikauliza: "Na wewe, shangazi?"

Ungo ukasimama. Akanitazama muda mrefu, mashavu yakaanza kutetemeka, akacheka mpaka punje zikamwagika. "Hebu nenda kaniletee chai," akasema. "Na sukari yenyewe isiwe ya kipimo."

Sijui kama nimepata jibu kubwa zaidi ya hilo maishani.

Tarehe ya kupima ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda kituo kimoja cha afya Kampala, tukakaa kwenye benchi la mbao lililolainika kwa makalio ya watu wenye hofu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo na kitabu kikubwa cha mistari. Alituita pamoja, kwa sababu tuliomba pamoja. Akaeleza mambo ambayo nilidhani nayajua: kwamba maambukizi ya wiki chache zilizopita yanaweza yasionekane, ndiyo maana ya kurudi baada ya miezi mitatu, kwamba kuna vidonge vya PrEP vya kukinga VVU kwa aliye kwenye hatari, navyo havizuii kaswende, kwamba chanjo ya homa ya ini aina ya B ni kitu cha kufikiria. Akamtoboa Nabwire kidole, akanitoboa mimi. Matone mawili kwenye vipande viwili vyeupe vilivyolazwa sambamba juu ya meza, kama watoto wamelala. Tukasubiri.

Akafungua kitabu. Akauliza, kalamu tayari: miezi mitatu iliyopita, wapenzi wangapi?

Nabwire akasema mmoja.

Nikasema mmoja.

Kalamu ikaandika. Nabwire hakugeuka, lakini nilihisi bega lake, lililokuwa limeegemea langu, likitoka taratibu. Mpaka leo hajaniambia alijuaje. Labda hakujua, labda nilichelewa sekunde moja tu kujibu, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya baba kama yule anajifunza kupima sekunde.

Vipande vikaonyesha mstari mmoja mmoja. Salama. Tukanunua roleksi, chapati ya kukunjwa, kibandani nje, mayai mawili na nyanya, nikamlipia, nikaila yangu kama karatasi.

Kibaya zaidi, ambacho kinanifanya niandike haya usiku badala ya mchana: Tororo nilikuwa nimepita tena baada ya Namawojjolo. Mara moja. Nilijiambia daftari bado halijasainiwa. Nawajua wenye mizigo wanaofanya hivyo, wanapitisha magunia usiku wa kuamkia kodi mpya na kusema sheria ilikuwa haijaanza. Nimewacheka sana watu hao.

Wiki iliyofuata nilikwenda Tororo kumaliza. Yule mwanamke alikuwa anakwaruza masufuria. Alijua kuhusu Nabwire tangu siku ya kwanza, sikumficha. Ni Nabwire peke yake aliyefichwa. Nikamweleza mambo yote, mlango, daftari, kanuni saba, nikitegemea labda atanionea huruma. Akaosha mikono.

"Na mimi kwenye hicho kitabu chenu," akauliza, "niko ukurasa wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa na jibu kwa sababu tulikuwa tumeandika kondomu na pesa na simu, lakini huyu mtu wa nje tulimwandika kama mvua: kitu cha kujikinga nacho. Ana mtoto anayesoma. Ana ugonjwa wa mgongo. Ukisoma mazungumzo ya watu kuhusu mambo haya, wawili wanajadili uhuru wao kwa kirefu, na wa tatu anatajwa kama kiti cha kukodi. Kama kuna mtu anasoma hapa akifikiria njia hii na mwenzake, aanzie kwa swali la mama wa Tororo. Hayo mengine mtayaandika tu.

Nilimwambia Nabwire stendi ya mabasi Kampala, saa tatu usiku, basi langu likinguruma. Nilichagua pale kwa uoga, ili niwe na pa kukimbilia. Alisikiliza yote. Kijana wa maji baridi alipita mara mbili akituuliza kama tunataka. Kwa nini nilitarajia atapiga kelele, sijui. Ni mtoto wa mama yule wa mkekani.

"Tororo si kitu," akasema mwishoni. "Ungeniambia pale Namawojjolo ningelia, halafu ningekula kuku wangu. Nilikufungulia mlango kabisa, ukapita dirishani."

Akaondoka. Basi nililikosa, maana nilibaki nimesimama, na nauli yangu haikurudishwa.

Kwanjula haikufanyika mwezi ule. Mwenye mahema alikuwa ameshachukua malipo ya awali na akasema hayarudi ila tarehe inaweza kusogea, basi tumeacha isogee. Wazee niliwaambia kwamba pesa haijatosha, na hilo halikumshangaza mtu. Miezi miwili hatukuongea isipokuwa juu ya deni. Kisha jioni moja ya Ijumaa akapiga simu, hakusalimu.

"Una cha kutangaza?" akasema.

Ndivyo ofisa anavyomuuliza msafiri pale mpakani. Nikasema nina kitu kimoja: kwamba nilikuwa nimeanza kumlaumu yeye, moyoni, kwa kuuliza mambo ambayo wanawake wengine hawaulizi. Akasema ameipokea. Akakata.

Tangu hapo ni kila Ijumaa. Tulirudi kupima baada ya miezi mitatu, muuguzi ni yule yule, na safari hii alipouliza nilimtajia hesabu ya kweli ya ile mara ya kwanza pia, akafungua kurasa nyuma akarekebisha bila kusema neno. Daftari bado lipo kwa Nabwire. Kuhusu mlango, tumeushindika. Haujafungwa kufuli, haujaachwa wazi. Hakuna aliyetoka, na hakuna aliyeapa hatatoka. Hoja yake anaishikilia pale pale. Mimi nimebadilika kidogo tu: zamani niliogopa atapata mtu, sasa naogopa zaidi Ijumaa nitakayokuwa na kitu nikasema sina. Kukaa kwenye ndoa ya kawaida ya kwetu, ya kamba ndefu na mdomo uliofungwa, naona sasa kungekuwa rahisi mno kwangu. Ningeiweza kwa jicho moja. Hii ya kusema ndiyo kazi, na sijui kama nina kifua chake.

Ijumaa iliyopita foleni ya malori ilikuwa ndefu, mtandao wa forodha umelala tangu saa nane, madereva wamechachamaa. Simu ikalia. Nikamwambia kuhusu mwanamke mmoja, dereva wa lori, adimu kabisa kwenye njia hii, aliyenichekea pale dirishani wakati namletea karatasi zake, na kwamba niliendelea kuwaza kicheko chake mpaka jioni. Sikufanya kitu. Nilitaka tu ajue.

Alicheka. Kisha akanyamaza, nikasikia nyuma yake Kikuubo wakifunga milango ya chuma, ule mkwaruzo mrefu mmoja baada ya mwingine.

"Haya," akasema. "Sasa sikiliza yangu."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya ofisi, nikaziba sikio moja kwa sababu ya honi.